Germain Yuko Kazini

Sehemu ya tisa

Siku kaka yangu Germain alipoacha kuwepo duniani, ubao wa lango la kazi ulionyesha kwamba yupo.

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita, na nasikia kuna wasomaji wa mtaa wetu wa Kikula waliokasirika sana kuachwa hapo. Basi tuendelee kabla hawajakasirika tena.

Alikufa Alhamisi alfajiri, ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi. Mke wake, wifi yangu Clémentine, alidhani anapumzika. Alimwambia, "Germain, utachelewa." Kwa kawaida Germain alikuwa na jibu kwa neno hilo.

Saa mbili asubuhi mimi na Clémentine tulikuwa mbele ya dirisha la Augustin, pointeur, mtu anayekaa langoni kuangalia nani ameingia kazini. Tulikuwa na haja moja tu kwake. Mfanyakazi akifa, pointeur anapiga simu. Maseremala wa Kampuni wanatoa jeneza, gari linatoka, mlinzi wa makaburi anafungua. Bila simu hiyo hakuna jeneza, hakuna gari, hakuna shimo. Na ilikuwa mwezi wa kumi. Wanaoijua Likasi ya mwezi wa kumi wanajua kwamba joto lake halimsubiri maiti.

Augustin aligeuka kuutazama ubao nyuma yake. Ubao ule una upande mwekundu na upande wa kijani. Kila mtu ana jetoni yake ya shaba yenye namba. Akiingia asubuhi anaitoa kwenye wekundu na kuitundika kwenye kijani.

Jetoni ya Germain ilikuwa kwenye kijani.

"Mama Clémentine," akasema Augustin, "Germain iko ku kazi."

"Germain iko ku nyumba. Alikufa."

"Siwezi kukatala maneno yako, mama. Mais ubao inasema iko ku kazi."

"Ubao ilimuona?"

"Ubao haionake muntu. Inaonaka jetoni."

"Basi umuite. Kama iko mule ndani, umuite atoke, nimusalimie."

Augustin alifikiri kwa uaminifu. "Saa ya kazi hatuitake muntu," akasema. "Inaharibu mashindano."

Ambaye hakusoma sehemu zilizopita anauliza: mashindano gani? Nitamweleza upesi.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu Serikali iichukue Kampuni. Chef wa atelier yetu, karakana ya kutengeneza moteur za umeme, Bwana Symphorien, alikuwa amerudi kutoka Lubumbashi alikofundishwa namna ya kuwafanya watu wapende kazi. Aliwakusanya mafundi akawaambia, "Muntu peke yake anatembea. Weka mwenzake pembeni, atakimbia." Kisha akawagawa katika timu. Timu itakayofunga nyaya za moteur nyingi bila utoro hata wa mtu mmoja, kila mtu wake atapewa baiskeli mpya, kinga, kama tunavyoiita sisi. Timu ya mwisho itafagia atelier mpaka mashindano yajayo, wengine wakiitazama.

Watu walikimbia kweli. Zamani timu iliyomaliza kazi yake ilivuta viti na kukaa na iliyochelewa, wakamaliza pamoja, wakatoka pamoja. Sasa kila meza ilifungia waya wake kwenye sanduku. Germain alianza kurudi nyumbani na nyundo yake ya mbao, ile ya kugongea nyaya, na kuilaza chini ya mto, ili mtu wa timu ya pili asiifiche.

Jumapili alishikwa na homa. Jumatatu alikwenda kazini. Jumanne alikwenda. Jumatano wenzake walimshika mikono mpaka mezani, wakamketisha, na mchana wakamrudisha hivyo hivyo. Timu yao ilikuwa ya kwanza. Mashindano yalikuwa yanafungwa Jumamosi.

Mkubwa wa timu hiyo alikuwa Casimir, jirani yetu. Alhamisi alfajiri alisikia kilio chetu, akaja, akapiga magoti kando ya kitanda, akalia mpaka akakohoa. Alilia kweli, nilimwona. Kisha akaenda kazini na kuhamisha jetoni mbili.

Sasa tulimwita. Alikuja mpaka kwenye uzio wa nyaya, akasimama upande wa ndani. Macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Casimir," akasema Clémentine, "rudisha jetoni ya bwana yangu."

"Mama, siku mbili tu. Jumamosi jioni naenda minye mwenyewe kwa Augustin, namwambia alikufa."

"Weye unaona hii joto?"

"Pale marché ya samaki kuko barafu," akasema Casimir, akitazama chini.

Clémentine alimwangalia Casimir. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Germain ni samaki?"

"Apana, mama."

"Ah, bon. Nilitaka kujua."

"Mama, sikiliza. Kinga yake iko palepale. Tutaileta ku mlango wako, bote, na wimbo. Mais jetoni ikirudi leo, hakuna kinga kwa muntu yeyote. Ile homa yote aliyofanya nayo kazi itakuwa ya bure. Na hatulali, mama. Sehemu yake tunaifanya sisi. Mpaka sasa Germain amemaliza moteur mbili."

"Mbili? Saa hizi?"

"Mbili."

"Akiwa muzima hakufikishaka mbili mbele ya king'ora kulia," akasema Clémentine. "Mungemwambia mbele kama kufa kunasaidia."

Casimir alilia tena. Kisha kengele ya atelier ikalia, naye akaondoka mbio, kwa sababu kurudi kwa kuchelewa kunapunguza pointi.

Tukaenda kwa Bwana Symphorien. Na hapa, msomaji, nilidhani mambo yamekwisha. Yeye ndiye aliyeanzisha mashindano. Udanganyifu ule ulimwibia yeye.

Alitupa viti. Alitoa pole kwa Kifaransa, akatoa tena kwa Kiswahili. Aliposikia habari ya jetoni alisimama, akafunga mlango.

"Casimir alifanya kosa kubwa," akasema.

"Ndiyo, chef."

"Kosa kubwa sana. Nitamwazibu." Akaketi. "Jumatatu."

"Juu ya nini Jumatatu?" nikauliza.

Akaeleza. Yeye pia alikuwa kwenye mashindano. Wakubwa walikuwa wamepanga atelier zote za Likasi katika mstari mmoja, na chef wa atelier isiyo na utoro angepewa gari. Atelier yetu ilikuwa ya kwanza, ya pili ikiwa fonderie, wanakoyeyusha shaba, kwa tofauti ya mtu mmoja.

"Kufa si utoro, chef," nikasema.

"Mademoiselle Adrienne, weye umesoma, utanielewa. Kwenye ubao kuko kijani na nyekundu. Rangi ya kufa haiko." Alifikiri. "Tungeweza kusema aliingia, akafia ndani... Non. Ile inakuwa ajali. Ajali inaondoa pointi kumi."

"Pole, chef," akasema Clémentine.

"Asante, mama. Jumatatu nitakuwa langoni mapema minye mwenyewe. Jumatatu Germain atakuwa amekufa muzuri kabisa, na maua."

Tulitoka. Clémentine hakulia. Tulipofika kwenye kona ya uzio tukasikia mtu anatuita kwa sauti ya chini, "Mama! Mama Clémentine!"

Alikuwa Radjabu.

Radjabu ni mkubwa wa timu ya pili, ile iliyomfanya Germain alalie nyundo. Mtu mrefu, mpole. Watu wa kwao walikuja kutoka mashariki zamani, na ndugu yake Asani ana camionnette, gari dogo la kubebea makaa hapa Kikula.

"Nimesikia, mama. Ni jambo la haya. Kwetu Waislamu angekuwa ameshazikwa."

"Na kwetu angekuwa na jeneza," akasema Clémentine. "Leo hakuna kwetu wala kwenu. Kuko ubao."

"Nenda kwa Asani. Umwambie Radjabu amesema akupe camionnette, bila kitu. Wanasema Germain iko ku kazi?"

"Njo vile banasema."

"Basi umulete ku kazi."

Clémentine akamuuliza, "Na weye, juu ya nini usiseme mwenyewe kwa Augustin?"

"Muntu hashitaki maiti, mama. Ni aibu."

Radjabu alikuwa na huruma ya kweli. Pia alikuwa wa pili.

Tulirudi nyumbani. Wanawake wa kilio walikuwa wameketi uani, wakiimba polepole ili wasichoke kabla ya mtu kukubali kwamba kuna msiba. Clémentine aliwaomba wabaki huko nje. Alimvalisha Germain nguo zake za kazi, zile za buluu zilizofuliwa Jumapili. Alimfunga vifungo vyote. Kisha akapiga magoti na kumvalisha kiatu cha pili, akakaza kamba zake.

Mimi nilishika pazia la dirisha. Sikuwa na kazi nyingine, na nilitaka kuwa na kazi.

Asani alileta camionnette ikiwa imefagiwa, lakini harufu ya makaa haifagiliki. Tulimlaza Germain juu ya godoro, tukamfunika kitenge mpaka kidevuni. Clémentine alipanda nyuma, akaketi kando ya kichwa chake. Mkononi alishika ile nyundo ya mbao.

Tulifika langoni king'ora cha saa nane kikilia. Asani aliisimamisha camionnette katikati kabisa ya njia ya kutokea.

Augustin alitoka dirishani kwake, kitu ambacho sijawahi kukiona tena. "Mama, hii ni nini?"

"Muntu ya timu ya Casimir," akasema Clémentine. "Amechelewa."

"Mama..."

"Kiatu kilimusumbua. Umuingize."

Augustin alitazama ndani ya camionnette. Akavua kofia. Akautazama ubao. Akavaa kofia. "Siwezi kumuingiza, mama. Iko ndani tayari."

"Basi utoe ule wa ndani, uingize huyu. Huyu njo mwenye mutoto na muke. Ule wa ndani simujue."

Wakati huo watu walikuwa wanatoka. Waliokuwa mbele walisimama, waliokuwa nyuma wakawasukuma, kisha nao wakaona. Timu ya Casimir ilikuwa mbele. Walikuwa na vumbi la nyaya mpaka kwenye nyusi. Nilijua baadaye kwamba Germain alikuwa amefikisha moteur tatu.

Bwana Symphorien alipita katikati ya watu. "Nani amemuleta huyu hapa, saa ya kazi?"

"Saa ya kazi imeisha, chef," akasema Augustin. "King'ora imelia."

Clémentine alikuwa anatafuta uso mmoja katikati ya watu. Alimwona Casimir, akamnyoshea nyundo kutoka juu ya camionnette.

"Mulikuwa munaitafuta? Alikuwa anailalia. Aliogopa batu ya Radjabu."

Casimir aliipokea. Aliigeuza mkononi. Mpini wake ulikuwa umeliwa na mkono wa Germain, upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa sababu kaka yangu alikuwa wa shoto. Hakuna mtu mwingine wa timu ile ambaye angeweza kuishika vizuri.

Casimir alikwenda kwenye ubao. Aliitoa jetoni kwenye kijani. Sote tulidhani ataitundika kwenye wekundu, lakini wekundu ni wa watu watakaokuja kesho. Alisimama nayo. Mwisho akarudi, akaiweka katika kiganja cha Clémentine na kuyafunga vidole vyake juu yake.

"Papa Casimir," akasema Augustin kwa sauti ndogo, "jetoni ni ya Kampuni."

Clémentine aliibana kiganjani.

Ningependa kuishia hapo, msomaji. Lakini mtu mmoja wa timu ya Casimir, jina lake Camille, alimwona Radjabu akipumua kama mtu anayeshuka kwenye baiskeli aliyokwisha kupewa.

"Na weye Radjabu!" akapaza sauti. "Unafurahi? Benoît wako iko wapi?"

"Benoît iko hapa," akasema Radjabu.

"Hapa wapi? Benoît, nyosha mukono!"

Hakuna mkono ulionyoshwa. Jetoni ya Benoît ilikuwa kwenye kijani, inang'aa.

"Benoît iko ku Mwadingusha tangu Jumatatu!" akasema Camille. "Anavua samaki kule ku maji ya barrage! Na jana alituma mbili kwa Radjabu, na ndege kabisa!"

"Hakuna ndege. Samaki ilikuja na camion," akasema Radjabu, na papo hapo akajua alichosema.

Watu wakacheka, wakakumbuka kilichokuwa kwenye camionnette, wakanyamaza. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Mtu wa Radjabu akasema kwamba kama ni hivyo, Adolphe wa timu ya tatu yuko Koni kwenye harusi. Timu ya tatu ikasema harusi ni jambo la heshima, kuliko yule wa timu ya nne aliyelala nyumbani kwa ulevi. Timu ya nne ikasema amelala, ndiyo, lakini si peke yake. Kila jina lilipotajwa, Augustin alikwenda kwenye ubao, akatoa jetoni, akaihamisha kwenye wekundu. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu anayeanua nguo.

Tangu mashindano yaanze hakuna jetoni hata moja iliyokosa kazi. Nafikiri hicho ndicho walichomwahidi Bwana Symphorien kule Lubumbashi.

Bwana Symphorien aliutazama ubao wake ukibadilika rangi. Gari lake lilikuwa linaondoka kipande kwa kipande, kwanza magurudumu, kisha milango. Niliona midomo yake ikihesabu. Kisha, taratibu, uso wake ukapata nuru.

"Bon," akasema. "Timu zote ziko na absent. Donc timu zote ni sawa. Mashindano inaendelea."

Akainua kidole.

"Mais sasa nimeelewa kosa. Tulihesabu jetoni. Kesho na Jumamosi nitasimama hapa minye mwenyewe, tangu asubuhi mpaka king'ora, na nitahesabu vichwa. Timu itakayokuwa na vichwa vyote siku zote mbili, inashinda. Inayokosa kimoja, hata kwa saa moja, inashika ufagio."

Na nakuapia, msomaji, niliona mgongo wa kila mtu ukinyooka. Hata wa Casimir. Ulinyooka kidogo, kisha akaona aibu, ukalegea.

Augustin alirudi dirishani kwake. Tulimsikia akizungusha simu kwa maseremala. "Allô? Menuiserie? Germain wa bobinage, wa kufunga nyaya, amekufa. Ndiyo. Leo. Saa ngapi?" Alichungulia nje, akautazama ubao, akaitazama saa. "Saa nane na robo."

Kwa hiyo kwa Kampuni, kaka yangu alikufa saa nane na robo mchana, baada ya kumaliza siku yake ya kazi. Hakuwa mtoro.

Ilibaki kupanga mazishi. Padri alikuwa na nafasi Ijumaa saa nne asubuhi. Jumamosi anakwenda kwenye misheni za mbali. Na katika atelier yetu kuna desturi ambayo haikuletwa na mtu kutoka Lubumbashi. Fundi akifa, anabebwa na watu wa meza yake. Wanambeba kwa mabega, kutoka mlangoni kwake mpaka kaburini, na mkono wa mtu mwingine haugusi mbao. Germain mwenyewe aliwahi kubeba. Bega lake la kushoto lilikuwa na alama.

Clémentine alishuka kwenye camionnette. Alimkabili Casimir. Bwana Symphorien alikuwa amesimama hatua chache tu, akiwaeleza wengine habari ya vichwa.

"Casimir," akasema. "Kesho saa nne. Mutakuja?"

Casimir aliwatazama watu wake. Watu wake waliitazama nyundo. Nilimwona akifungua mdomo, akimtazama Symphorien, akiufunga.

"Nyundo nitairudisha, mama," akasema. "Nitaisafisha kwanza."

Jeneza lililetwa nyumbani kabla ya jua kushuka. Lilikuwa la mbao nene, zile zinazotumiwa kuzuia paa la mgodi lisianguke, na maseremala waliolibeba kutoka garini walikuwa sita na walipumzika mara mbili. Waliliacha sebuleni. Mazishi yalikuwa kesho yake saa nne, na saa nne ni saa ya kazi.